Dawa ya Kifafa Isiachwe Ghafula



Juma lililopita alinijia ofisini mzee mmoja mkulima, akitaka aandikiwe barua ya kumwombea binti yake ruhusa shuleni kila mwisho wa mwezi, ili aende kuchukua dawa. Nilipomwuliza ni dawa gani, alitazama mlangoni kwanza kama kwamba kuna mtu asikilizaye, kisha akanena kwa sauti ndogo, "Ya kifafa, bwana karani." Nikaiandika barua. Alipokuwa akiikunja akaongeza neno: "Sasa yapata miezi saba hajaanguka. Je, si heri tumwachishe, tusije tukamharibia damu bure?"

Swali hilo nalijua sana, kwa kuwa mimi mwenyewe nilipata kuulizwa zamani, na jibu langu lilikuwa baya.

Kaka yangu mkubwa ana mtoto wa kiume aliyeanza kuanguka alipokuwa katika darasa la tatu. Mambo yalikwenda kama yaendavyo katika nyumba nyingi: wengine walinena ni jicho la watu, wengine walikataza asiguswe povu, na mwaka mzima ukapita. Alipoungua mkono jikoni ndipo akapelekwa kwa daktari, akapewa vidonge vya fenobabitoni, avimeze kila usiku kabla ya kulala. Maanguko yakapungua, kisha yakakoma. Mwezi wa nane kaka akaniuliza shauri, maana katika ukoo wetu mimi ndiye niliyekaa shuleni miaka mingi kuliko wote. Nikamjibu kwamba mtoto amepona, na nauli ya kila mwezi ingefaa zaidi kununulia mbolea.

Hata juma moja halikutimia. Alianza kutetemeka kabla ya alfajiri, na mshtuko mmoja haujaisha mwingine ulikuwa umekwisha kuanza, asipate kurudiwa na fahamu katikati. Alichukuliwa kwa gari la maziwa mpaka hospitali, akakaa huko siku tisa. Mke wa kaka yangu hakunilaumu mbele ya watu. Aliniambia tu, tulipokuwa tumeketi nje ya wodi, "Shemeji, sisi tulikufuata wewe kwa kuwa wewe ndiwe uliyesoma." Neno hilo ningali nalisikia.

Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba dawa ya kifafa ni kama dawa ya malaria, ambayo mtu humeza kwa siku zake, vijidudu vikafa, na kazi ikaisha. Sivyo hata kidogo. Dawa hii haing'oi ugonjwa, huuzuia tu. Mfugaji atanielewa nikisema ni kama boma la miiba: boma halimwui fisi, na asubuhi ukiona mbuzi wote wazima si dalili kwamba fisi amehama, bali kwamba boma lilisimama usiku kucha. Tena kuna jambo la pili lililo baya zaidi. Ubongo uliozoea kutulizwa na fenobabitoni, ukinyang'anywa ghafula, huwaka kwa nguvu kuliko ulivyokuwa kabla ya dawa. Hiyo ndiyo sababu ya mishtuko ifuatanayo bila kukoma, ambayo yaweza kumwua mtu au kumwachia kilema cha akili.

Dawa yenyewe si ngeni. Ilikuwa mwaka wa 1912, katika mji wa Freiburg nchini Ujerumani, daktari kijana aitwaye Alfred Hauptmann alipowapa wagonjwa wake wa kifafa dawa hiyo, ambayo wakati huo iliuzwa kwa jina la Luminal, kwa nia ya kuwapatia usingizi tu. Akaona kwamba wanaoimeza huanguka mara chache kuliko wengine. Zaidi ya miaka mia imepita, na fenobabitoni ingali imo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani, nayo ni miongoni mwa dawa za kifafa zilizo rahisi kuliko zote kwa bei.

Wala tusidhani kwamba inafaa Ulaya tu. Katika nchi yetu wenyewe, huko Nakuru, wagonjwa 302 walitibiwa katika zahanati na vituo vya karibu na nyumbani, wengine kwa fenobabitoni na wengine kwa kabamazepini, na habari zao zikachapishwa mwaka wa 1991. Waliodumu na matibabu mwaka mzima walikuwa 249. Katika miezi sita ya mwisho, zaidi ya nusu ya hao hawakuanguka hata mara moja, na wengine kama robo maanguko yao yalipungua kupita nusu. Dawa zote mbili zilifaa sawasawa. Watu hao walitibiwa na wahudumu wa kawaida, kwa vidonge vya kawaida. Walichofanya ni kuvimeza kila siku.

Basi na tuseme habari ya kuvimeza. Fenobabitoni hukaa mwilini muda mrefu, na kwa mtu mzima huchukua siku tatu au nne, pengine zaidi, hata nusu yake itoke. Kwa hiyo watu wengi hupewa kuimeza mara moja tu, usiku, na huchukua majuma mawili au matatu kabla ya kutulia sawasawa katika damu. Mtu akianguka siku ya tano asikate tamaa, wala asijiongezee kidonge. Aliyesahau usiku mmoja na ameze mara akumbukapo. Lakini ikiwa saa ya kidonge kingine imekaribia, na aache kile kilichopita. Asimeze viwili pamoja ili kulipa deni. Dawa hii ikizidi hulegeza mwili, na ikizidi sana huzuia pumzi; kwa sababu hiyo ifungiwe mahali ambapo watoto wadogo hawafiki.

Jambo jingine ambalo sisi makarani tungepaswa kulijua kuliko wengine ni kusoma karatasi. Hesabu ya vidonge si hesabu ya dawa. Viko vidonge vya miligramu 30 na viko vya miligramu 60, na mtu aliyezoea kumeza viwili vya kwanza akipewa vya pili bila kuangalia, atakuwa amemeza maradufu. Kila upokeapo dawa, soma nambari iliyoandikwa, na ikiwa si ile ya mwezi uliopita, uliza kabla ya kuondoka dirishani. Hakuna aibu katika kuuliza. Na mtoto apewaye dawa ya maji apimiwe kwa kipimo chake kilichotoka nayo, si kwa kijiko cha chai, kwa maana vijiko vya nyumbani havilingani.

Siku za kwanza mgonjwa atasinzia, na baadhi ya watoto, kinyume chake, huwa watundu na wenye hasira hata walimu wakalalamika. Mambo hayo aambiwe daktari, naye ataweza kupunguza kipimo au kubadili dawa kwa taratibu. Lakini vikitokea vipele mwilini, hasa pamoja na homa au vidonda vya mdomoni, isingojwe tarehe ya kliniki. Mgonjwa apelekwe siku ile ile. Pombe isichanganywe na dawa hii kamwe. Na daktari yeyote akitaka kukupa dawa nyingine, mwambie kwanza kwamba unameza fenobabitoni, kwa kuwa yaweza kupunguza nguvu ya vidonge vya kupanga uzazi na ya baadhi ya dawa za virusi vya UKIMWI.

Kwa akina mama neno ni moja na ni zito. Baadhi ya dawa za kifafa, na hasa valproeti, zaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Kwa hiyo mwanamke atarajiaye kuzaa na amwone daktari mapema, kabla ya kuchukua mimba kama inawezekana. Lakini aliyekwisha kuwa mjamzito asiache vidonge kwa hofu yake mwenyewe, maana mishtuko mikali huwahatarisha wote wawili. Aende kliniki akiwa bado anavimeza.

Siku ya kuanguka yenyewe, mwondoeni mgonjwa karibu na moto au maji, mlegezeeni nguo za shingoni, wekeni kitu laini chini ya kichwa, na mshtuko ukipungua mlazeni kwa ubavu. Msimkandamize, wala msimtie kijiko mdomoni. Meno mengi yamevunjwa na vijiko. Povu lake haliambukizi mtu. Mmoja na atazame saa. Mshtuko ukipita dakika tano, au ukirudi kabla hajazinduka, tafuteni gari bila kukawia.

Sasa nirudi kwa yule mzee. Nilimwambia kwamba iko siku ambayo binti yake huenda akaachishwa dawa, lakini siku hiyo huamuliwa na daktari, kwa kawaida baada ya kupita miaka miwili bila kuanguka hata mara moja, na hata hapo hupunguzwa kidogo kidogo kwa miezi. Wengine huimeza maisha yao yote, kama vile mwenye shinikizo la damu amezavyo yake. Nikamshauri pia anunue kalenda ya ukutani, atie alama kila usiku binti amezapo, na alama nyingine siku aangukapo, aichukue kalenda hiyo kwa daktari. Na ahesabu vidonge kila Jumapili ili asiende kuchukua vingine siku ya kidonge cha mwisho, maana mvua hunyesha na magari hukwama.

Alinisikiliza, kisha akauliza, "Na wewe, bwana karani, umeyajuaje haya?"

Nikamsimulia habari za mtoto wa kaka yangu. Siku hizi yuko darasa la saba. Kalenda yake hutundikwa nyuma ya mlango wa jikoni, na mimi nifikapo nyumbani kwao huitazama kabla ya kuketi. Miaka yake miwili ilianza kuhesabiwa upya tangu alipotoka hospitali, na bado imesalia miezi mitano.