Mgongo ndio mtaji wetu, tuutunze

WAHENGA walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Je, akishindwa kuinama?

Swali hilo lilinijia asubuhi moja hapa Nyamirambo. Nilimkuta jirani yangu, mama anayefanya biashara ya nguo kati ya Kigali na mpakani, amesimama mbele ya robota lake akisubiri kijana wa kumbebea hatua kumi tu hadi kwenye gari. Kiuno kilikuwa kimemkatalia. Nilipomtajia mazoezi alicheka. "Mazoezi gani tena, baba? Mimi nabeba mizigo tangu tulipokuwa Bukavu!"

Jibu hilo nimelisikia mara nyingi, hasa miongoni mwetu tuliorudi nyumbani kutoka Kongo, Tanzania, Uganda na Burundi, na tunaoishi kwa kuvuka mipaka ya Rusumo, Gatuna, Rusizi na Rubavu. Kwa mtazamo wangu ni jibu lenye makosa, tena linatugharimu.

Kubeba mzigo kwa ajili ya riziki si mazoezi. Mzigo wa biashara hauulizi kama umelala vizuri. Uzito wake anaupanga mteja, si wewe. Unaubeba upande ule ule, kichwani au begani, leo, kesho na keshokutwa, bila siku ya kupumzika. Mazoezi ni kinyume chake: uzito unauchagua mwenyewe, unaongeza kidogo kidogo, kisha unapumzika. Misuli hujijenga wakati wa mapumziko hayo. Anayebeba bila kujijenga ni kama mfanyabiashara anayekula mtaji.

Na wale tunaoshinda tumekaa dukani au ofisini tusijisifu. Baada ya miaka 30 hivi misuli huanza kupungua polepole, na isiyotumika hupungua zaidi. Mzee anayeshindwa kuinuka kwenye mkeka hakuanza kushindwa jana.

Hapa Kigali hamasa haikosekani. Tangu mwaka 2016 jiji limekuwa na Jumapili za barabara bila magari, watu wakikimbia na kupimwa presha na sukari. Ni jambo la kupongezwa. Tatizo ni kwamba wengi tukishakimbia tunadhani tumemaliza. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka mtu mzima atembee au ajishughulishe kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na zaidi ya hapo afanye mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi. Hilo la pili ndilo tunalolisahau.

Utasikia watu wakisema jimu ni ghali. Nakubali, lakini nani kasema lazima jimu? Sebule inatosha. Anayeanza kabisa anahitaji mambo manne tu.

La kwanza, kaa kwenye kiti imara kisha simama bila kutumia mikono. La pili, simama mbele ya ukuta, weka viganja, jisukume. Ukuta ukizoeleka hamia kwenye meza nzito, mwishowe sakafuni. La tatu, inama ukisukuma makalio nyuma, mgongo ukiwa umenyooka, kisha inuka. Hili ndilo somo la kuinua mzigo, na ulijifunze mikono mitupu kwanza. La nne, ukiwa umeinama hivyo, mkono mmoja ukiegemea kiti, vuta kwa mkono wa pili dumu la lita 5 kuelekea mbavuni. Maji yake ni kilo 5, na ukiona ni zito punguza.

Kila moja fanya mara 8, pumzika dakika moja au mbili, rudia. Mizunguko miwili yatosha mwanzoni. Usizuie pumzi. Fanya Jumatatu na Alhamisi, siku za katikati ziwe za kupumzika. Ukifikisha mara 12 bila taabu, ongeza maji kwenye dumu au chagua kiti kifupi zaidi. Haba na haba hujaza kibaba.

Kosa la wengi ni pupa. Mtu anapiga pushapu 50 siku ya kwanza, siku ya pili hawezi kuvaa shati, siku ya tatu ameacha. Misuli kuuma siku moja au mbili ni kawaida. Maumivu makali ya kiungo, ya kifua, au kizunguzungu si kawaida. Acha na umwone mganga. Mwenye presha, ugonjwa wa moyo, mjamzito, au aliyekwisha kuumia mgongo aulize kwanza kituo cha afya. Na misuli haijengwi kwa chai kavu: maharage, mayai, maziwa na sambaza wa Ziwa Kivu vinapatikana sokoni.

Dada zetu wengine huogopa kwamba watasemwa, au watakuwa na vifua vya mabaunsa. Kwa dumu la lita 5 haiwezekani. Na kama ni maneno ya watu, funga pazia.

Jirani yangu alikwenda kwanza kituo cha afya, akaruhusiwa kuanza taratibu. Sasa yuko wiki ya tatu. Robota bado anabebewa, na asiwe na haraka. Lakini juzi aliinuka kwenye mkeka bila kushika ukuta, akanitazama, hakusema neno.

Ndugu msomaji, bidhaa zikiharibika njiani unaweza kukopa ukaanza upya. Mgongo hakuna anayekukopesha. Kiti unacho, ukuta unao. Anza Jumatatu.