Kitambi si Cheo

KABLA jua halijachomoza, Kariakoo imekwisha kuamka. Malori yaliyokesha njiani yanashusha ndizi, viazi, kabichi na nyanya. Wapagazi wanapokezana magunia. Mikokoteni inasukumwa kwa kelele kuelekea Mkunguni, Tandamti na Sikukuu. Muda si mrefu baadaye, katika mitaa hiyo hiyo, hupita jeshi la pili: makarani, walimu, wahasibu na maofisa wanaokwenda kazini Posta, Mnazi Mmoja na Gerezani. Majeshi haya mawili hupishana kila siku bila kutazamana sana. La kwanza hubeba mizigo yake mabegani. La pili limeanza kubeba wake kiunoni.

Mzigo huu wa pili umeheshimiwa kwa miaka mingi. Mtu akipata ajira ya kudumu, akapandishwa daraja na kunenepa, jamaa zake humsifu kwamba maisha yamemkubali. Akipungua, huulizwa kwa huruma iwapo anaumwa. Heshima hiyo ilikuwa na sababu yake. Watu waliokwisha kuonja njaa hawawezi kulaumiwa kwa kuona unene kuwa dalili ya ghala lililojaa. Lakini mila iliyozaliwa na njaa haifai kuwaongoza watu ambao shida yao, mjini, ni kukaa mno na kula bila kadiri. Kitambi si cheo, wala si akiba. Kwa watumishi wengi ni deni, na riba ya deni hilo hulipwa kwa miaka ya uzee.

Mji na mwili

Jambo hili halisemwi kwa kukisia. Katika miaka ya 1990 wataalamu walihesabu vifo vilivyotokana na kiharusi katika sehemu tatu za Tanzania, mojawapo ikiwa Dar es Salaam. Walipolinganisha hesabu hizo na za Uingereza, walikuta kwamba watu wa Dar es Salaam wenye umri wa miaka 15 hadi 64, yaani umri wa kufanya kazi, walikuwa wakifa kwa kiharusi mara kadhaa zaidi kuliko Waingereza wa umri huo huo. Sababu kubwa waliyoishuku ni shinikizo la damu lisilotibiwa.

Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2000, uliwalinganisha wakazi wa Ilala, jirani na Kariakoo, na wakazi wa kijiji cha Shari mkoani Kilimanjaro. Huko Ilala watu wazima wapatao 6 katika kila 100 walikuwa na kisukari; huko Shari hawakufika 2. Watu wote hao ni Watanzania. Kilichotofautiana sana ni namna ya kuishi: uzito wa mwili, na kazi ambayo mwili huo hupewa kila siku.

Pengine ushahidi ulio wazi zaidi ni ule uliochapishwa mwaka 2010. Watu zaidi ya 200 kutoka vijiji vya Morogoro waliohamia Dar es Salaam walipimwa kabla ya kuondoka kwao, kisha wakafuatwa kwa mwaka mmoja. Katika muda huo mfupi kila mmoja, kwa wastani, aliongezeka zaidi ya kilo mbili. Miongoni mwa wanaume, karibu wanane katika kila kumi walikuwa wakifanya kazi za kutoa jasho walipokuwa kijijini. Baada ya mwaka mmoja wa mjini walibaki chini ya watatu. Yafaa ikumbukwe kwamba watu hao hawakuja mjini kustarehe, bali walikuja kutafuta riziki. Ikiwa mji unaweza kumbadilisha mkulima kwa miezi kumi na miwili, je, unamfanya nini karani aliyekaa kwenye kiti kimoja kwa miaka ishirini?

Jibu lilipatikana mwaka 2012, nchi nzima ilipochunguzwa. Kati ya watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64, mmoja katika kila wanne alikuwa na shinikizo la damu, na karibu mmoja katika kila kumi na mmoja alikuwa na sukari iliyozidi. Na watu 97 katika kila 100 hawakuwa wakila kiasi cha matunda na mboga kinachoshauriwa. Hayo yanatokea katika nchi ambayo malori ya mboga na matunda huingia Kariakoo usiku kucha!

Mafunzo ya ngazi

Wapo wanaodhani kwamba maradhi haya ni ya matajiri, au ni kudra isiyo na kinga. La hasha. Mwaka 1953 tabibu mmoja wa Uingereza, Jerry Morris, pamoja na wenzake, alitangaza matokeo ya uchunguzi wake juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva, waliokaa kutwa nzima, waliugua moyo zaidi kuliko makondakta, waliopanda na kushuka ngazi za basi siku nzima wakikata tiketi. Walitumikia shirika moja, katika mji mmoja, ndani ya basi moja. Tofauti kubwa kati yao ilikuwa ngazi.

Hapa nyumbani mifano haikosekani. Oktoba 1967, miezi minane baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Julius Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, mwendo unaozidi kilomita 200, kuunga mkono Azimio hilo. Alikuwa na umri wa miaka 45, umri ambao ofisa wa leo huona taabu kupanda ghorofa ya pili endapo lifti imeharibika.

Mwingine ni Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyeanza utumishi wake akiwa mwalimu wa shule huko Zanzibar, akaja kuwa Rais wa Muungano kuanzia mwaka 1985 hadi 1995. Alizaliwa Mei 1925, akafariki Februari 2024, akiwa na umri wa miaka 98. Taifa zima lilimjua kwa kupenda mazoezi ya mwili. Ni kweli kwamba maisha ya mtu mmoja hayathibitishi kanuni, na umri umo mikononi mwa Mungu. Lakini mwalimu anayesema kwamba kazi ya chaki na madaftari haimwachii nafasi ya kuutunza mwili wake, na amtazame mwalimu yule mwenzake.

Kadiri mezani

Je, mtumishi wa kawaida afanye nini? Hahitaji kununua dawa za miujiza zinazotangazwa kwa vipaza sauti mitaani, wala kujinyima hata akonde. Neno linalotakiwa ni la zamani, nalo ni kadiri.

Kwanza ni chakula. Asubuhi mtumishi hunywa chai yenye vijiko vinne vya sukari pamoja na maandazi mawili au matatu. Saa nne hufuata soda. Mchana ni sahani ya chipsi na mayai, au kilima cha wali wenye mafuta, na mchicha umewekwa pembeni kama pambo. Usiku hula tena, akiwa amechoka, kisha hulala shibe ikiwa bado juu. Mwili hauna mahali pa kuyapeleka yote hayo isipokuwa kuyaweka akiba. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba chumvi ya mtu mzima kwa siku nzima isifike gramu tano, kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Anayenyunyiza chumvi juu ya chakula kabla hajakionja amekwisha kula sehemu kubwa ya fungu lake kwa mlo mmoja.

Yatasemwa kwamba mshahara hautoshi kwa chakula bora. Hoja hiyo yafaa ipimwe sokoni. Matembele, kisamvu, maharage, dagaa, mihogo ya kuchemsha, embe na papai la msimu si vyakula vya mabwanyenye. Mama lishe wengi wa Kariakoo hupika ugali, maharage na mboga za majani kwa bei isiyoishinda ile ya chipsi. Mara nyingi kinachomzuia ofisa si mfuko. Huona haya kuonekana akila chakula cha wapagazi.

Pili ni mwendo. Shirika hilo hilo linashauri walau dakika 150 za mwendo wa kuchangamka kwa wiki, ambazo ni nusu saa kwa siku tano. Mtumishi anayeshuka kituo kimoja kabla ya kituo chake, asubuhi na jioni, amekwisha kuipata sehemu kubwa ya dakika hizo bila kulipa senti. Wakazi wa mji huu hawaukosi upenzi wa michezo. Yanga ya mwaka 1935 na Simba ya mwaka 1936 zina makao yao Jangwani na Msimbazi, na siku zinapokutana nchi nzima husimama. Lakini katika siku hiyo kuu, wanaokimbia ni ishirini na wawili tu. Maelfu wamekaa, wakila karanga na kuwalaumu wale wanaokimbia kwamba ni wavivu!

Tatu ni kupima. Shinikizo la damu haligongi hodi. Humkuta mnene, humkuta na mwembamba, na huweza kukaa mwilini miaka mingi bila maumivu, hadi siku mkono na mdomo vinapopooza. Kulipima huchukua dakika chache. Tangu mwaka 2001 watumishi wa umma wamekuwa wakichangia Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya kutoka katika mishahara yao. Wengi hukumbuka kadi yao wakiwa wamekwisha kuanguka. Na anayepewa vidonge asiviache kwa kuwa anajisikia mzima, kwani huo uzima anaousikia ni kazi ya vidonge hivyo.

Nne ni watu. Maisha marefu yasiyo na mwenzi wa kuzungumza naye ni adhabu. Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kimekuwa kikifuatilia maisha ya watu tangu mwaka 1938, na mojawapo ya mafunzo yake makubwa ni kwamba uhusiano mwema na watu ni nguzo ya afya na furaha uzeeni. Wazee wa Kariakoo wanaokaa barazani jioni na bao lao, kahawa chungu na kashata, hawakusubiri chuo kikuu kiwaambie. Mtumishi anayepeleka nyumbani majalada ya ofisi kila usiku, au anayemalizia kila jioni kwenye chupa, siku ya kustaafu hujikuta hana ofisi na hana baraza.

Wajibu wa wakuu

Hata hivyo, haitakuwa haki kumtupia mtumishi lawama zote. Mwalimu anayeishi Chanika au Mbagala na kufundisha katikati ya jiji huondoka nyumbani gizani na kurudi gizani, akiwa amesimama katika basi. Kumwambia alale saa saba na atembee nusu saa, bila kutazama saa zake zinaliwa na nini, ni kumdhihaki. Akitaka kutembea, njia ya miguu iko wapi? Katika mitaa mingi ya Kariakoo imejaa bidhaa, pikipiki na magari yaliyoegeshwa, na mwenda kwa miguu husukumwa barabarani kugombea njia na mkokoteni. Nyumba za vyumba sita zenye ua zimeondoka, yamekuja maghorofa. Watoto waliocheza uani hucheza kwenye ngazi.

Mji huu una hazina chache za wazi zilizobaki. Mnazi Mmoja, uwanja ambao wakoloni waliuacha wazi ili kuwatenga Waafrika wa Kariakoo na sehemu zao, uligeuka baada ya Uhuru kuwa mahali pa umma kupumua. Kidongo Chekundu kuna viwanja vya michezo vya vijana vilivyofunguliwa mwaka 2015. Kila kipande cha ardhi ya namna hiyo kilindwe kama inavyolindwa zahanati, maana kazi yake ni ile ile. Desemba 2016 Mama Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi kila Jumamosi ya pili ya mwezi. Agizo hilo lilikuwa jema. Lakini mkuu wa idara anayevaa raba Jumamosi moja kwa ajili ya picha, kisha akaitisha kikao cha saa sita Jumatatu na kukilisha soda na sambusa, ameligeuza agizo kuwa sherehe.

Taifa hili limewahi kufanya makubwa zaidi kwa zana chache zaidi. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi, wakisikiliza redio, wakijadiliana, kisha wakienda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka vilivyoficha mbu. Waliosimama mbele ya vikundi vile mara nyingi walikuwa walimu na watumishi wa umma. Adui wa siku zile alikuwa kwenye maji machafu na madimbwi. Wa leo yumo katika kiti, katika kikombe cha chai na katika sifa za jamaa.

Na kilicho hatarini si kidogo. Mtumishi hulazimika kustaafu akiwa na miaka 60. Umma umemsomesha na umemlea kazini. Yeye naye ametoa ujana wake. Watoto wa mwisho bado wako shuleni, shamba linamngoja, wajukuu ndio kwanza wanazaliwa. Anayeanguka kwa kiharusi akiwa na miaka 54 huacha dawati ambalo litajazwa na mwingine, na kiti cha nyumbani kisichoweza kujazwa na yeyote. Anayenusurika huishia kulishwa na mkewe, huku kiinua mgongo chake kikiteketea kwa nauli za hospitali.

Jioni, majeshi yale mawili hukutana tena Kariakoo. Wapagazi wanahesabu ujira wao, na makarani wanasukumana kuwahi mabasi. Kwenye meza za mitaani mafungu ya mchicha yanauzwa kwa bei ya kumaliza, maana kesho yatakuwa yamenyauka. Mtumishi mwenye busara atanunua mafungu mawili, atayatia mfukoni, na atatembea hadi kituo cha mbele.