Kidege cha Picha na Watu wa Kazi za Juu



Hapa Kikambala, na katika njia nzima ya kutoka Mtwapa hadi Kilifi, majumba ya ghorofa yazidi kuinuka upande wa bahari. Pamoja nayo umetujia mtambo mgeni viwanjani: droni, kile kidege kisicho na rubani kinachopiga picha. Chapiga picha kreni, chapiga picha jukwaa, chapiga picha na watu walio juu ya jukwaa. Picha hizo matajiri huwaonyesha wanunuzi wa nyumba, na kweli zapendeza. Sisi twauliza neno moja tu: walio juu wapata faida gani kwa picha hizo?

Chama kililetewa shauri la kiwanja kimoja cha pwani yetu, ambacho hatutakitaja. Fundi wa vyuma alionyeshwa picha ya droni, yeye amesimama ukingoni mwa sakafu ya juu, mkanda umo mwilini lakini kamba yake yaning'inia. Akaachishwa kazi siku ile ile. Nasi tukaomba kuiona picha hiyo, tukaitazama vizuri. Ni kweli kamba haikufungwa. Lakini ukingo wote hauna waya, hauna reli, hauna hata chuma kimoja cha kutia kulabu. Angeifunga wapi? Picha iliyomtia hatiani fundi yamtia hatiani na aliyempandisha, ila nusu hiyo hapana aliyetaka kuisoma.

Hatusemi droni ifukuzwe. Sisi wa pwani twajua jinsi chumvi ya bahari ilavyo chuma, na kreni iliyosimama karibu na maji hupata kutu mahali ambapo mtu wa chini hapaoni. Droni yaweza kwenda kutazama ncha ya mkono wa kreni, na kapi, na kamba ya waya, bila kumhatarisha mtu. Hilo ni jema, nasi twalitaka. Lakini picha haishiki spana. Boliti iliyolegea na iliyokazwa zaweza kufanana kabisa katika picha, na kutu iliyo ndani ya pini haionekani. Mgema akipanda mnazi hukijaribu kidato kwa mguu kabla ya kukitwika uzito wake, ingawa alikikata mwenyewe na jana alikipanda. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yataka mitambo ya kuinulia mizigo ikaguliwe na mtu aliyeidhinishwa. Kontrakta akiwaambia, "Tumekwisha kuipiga picha," mwambieni alete cheti.

Kreni si jambo la kufanyia mzaha. Tarehe 26 Agosti 2021, huko Kilimani, Nairobi, kreni ya mnara ilianguka katika kiwanja cha ujenzi ikaua watu wasiopungua 8, na miongoni mwao Wachina wawili. Chuma kikianguka hakichagui kibarua wala mtaalamu.

Kisha iko hatari ya kidege chenyewe. Dereva wa kreni macho yake ni ya mzigo na ya mpiga ishara. Mzigo wa matofali ukiwa hewani juu ya vichwa vya wenzake, halafu kitu kikavuma mbele ya dirisha lake, hata kugeuka mara moja kwatosha kuleta msiba. Na kusi ikivuma kwa nguvu, kama mwezi wa Julai, chombo chepesi namna ile chaweza kusukumwa mpaka kwenye jukwaa. Kanuni za 2020 zataka droni iandikishwe kwa Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, na kwa kawaida isipande kupita futi 400. Hayo ni ya anga. Ya kiwanjani ni juu yetu kuyadai.

Twadai droni isiruke wakati mzigo uko kwenye kulabu, wala watu wanapofunga mbao au vyuma ukingoni, na dereva wa kreni akisema hapana, iwe hapana. Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi sheria yataka pawe na kamati ya usalama; basi kamati hiyo ionyeshwe picha zote za kreni na majukwaa, si zile nzuri za kuuzia nyumba tu. Na mtu asiadhibiwe kwa picha mpaka itazamwe yote, mjumbe wa chama akiwapo. Kumbukeni pia kwamba kwa Sheria ya Kulinda Data ya 2019 sura ya mtu ni habari zake mwenyewe: apaswa kuambiwa kwamba anapigwa picha, na kwa kazi gani. Shauri la fundi yule twaendelea nalo kwa msingi huo.

Sheria ya 2007 yasema pia kwamba mfanyakazi akiona hatari kubwa iliyo karibu amwarifu msimamizi wake, na tajiri hana ruhusa ya kumrudisha pale maadamu hatari ingalipo. Kwa hiyo droni ikija na mzigo uko juu, mwiteni msimamizi papo hapo, dereva ateremshe mzigo polepole mahali pasipo watu, kazi isimame. Mjumbe aandike siku, saa, na jina la aliyekuwa akiirusha, kisha karatasi hiyo ailete kwa katibu wa tawi jioni ile ile.