Darubini yangu ilihitaji kofia, sio programu

Leo naweka kando mambo ya seva na hifadhidata, nataka tuongee kuhusu umande. Ndiyo, umande! Na nitasema jambo ambalo waandishi wenzangu wa programu hawatalipenda: tuna tabia ya kuandika programu pale ambapo kipande cha mkeka kingetosha.

Septemba 7, 2025 mwezi ulipatwa wote. Hapa Kenya ulikuwa umefunikwa kabisa kuanzia saa mbili na nusu usiku hadi karibu saa nne. Nilikuwa kwa dada yangu Naivasha na darubini yangu ya inchi 8, ile aina yenye kioo chembamba mdomoni kabisa. Wapwa zangu na watoto wa majirani wakapanga foleni. Mwezi ukawa mwekundu. Mtoto wa tatu akaweka jicho, akanigeukia: "Anko, mbona naona vizuri bila hiyo mashine?" Nikamulika tochi. Kioo kizima kimelowa.

Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na mkanda wa joto, bodi ndogo ya kompyuta, sensa ya unyevu na programu niliyoandika mwenyewe: unyevu ukipita asilimia 85, washa mkanda. Haukuwaka hata mara moja. Kumbe nilikuwa nimefungia sensa kwenye kisanduku kimoja na bodi. Bodi ilipata joto, hewa ya mle ndani ikaonekana kavu, sensa ikasoma 60 huku nyasi za nje zikidondoka maji. Programu yenyewe haikuwa na kosa. Ilijibu swali ambalo sikupaswa kuuliza.

Tunasema umande unaanguka. Hauanguki. Kioo kikitazama anga lisilo na mawingu, kinapoteza joto lake kuelekea juu na kurudishiwa kidogo sana, hivyo kinapoa kuliko hata hewa inayokizunguka. Kikipoa vya kutosha, mvuke ulioko hewani unageuka maji juu yake. Kuna hesabu ya haraka ya kukadiria: toa asilimia ya unyevu kwenye 100, gawanya kwa 5, kisha jibu ulitoe kwenye joto la hewa. Hewa ikiwa nyuzi 14 na unyevu asilimia 90, umande unaanza kioo kikifika nyuzi 12. Tofauti ni nyuzi 2 tu! Kwa hiyo hata kama sensa yangu ingekuwa nje, bado ningekuwa napima hewa, wakati kinacholowa ni kioo.

Kinga ya kwanza ni kofia. Chukua mkeka wa sponji wa kufanyia mazoezi, mweusi ukiupata, uzungushe mdomoni mwa darubini utokeze mbele mara moja na nusu hadi mara mbili ya upana wa kioo. Kwa inchi 8 ni inchi 12 hadi 16. Kioo kinaona sehemu ndogo ya anga, kinapoa polepole. Haina betri, haina sensa, haina cha kuharibika.

Najua mtu atasema usiku wenye unyevu mwingi kofia inachelewesha tu. Ni kweli. Hapo ongeza joto, lakini joto la kijinga: rezista 12 za ohm 470, za nusu wati, zikiunganishwa sambamba kwenye betri ya volti 12. Unapata karibu wati 3.7 kwa ampea 0.3. Zifungie ndani ya mkanda wa kitambaa, uzungushe karibu na kioo. Washa kabla umande haujaanza, maana kuzuia ni rahisi kuliko kukausha. Usizidishe joto, hewa itachezacheza na picha itaharibika.

Na umande ukikuwahi, usipanguse! Utakwaruza kioo. Tumia draya ya nywele kwa joto la chini. Ukimaliza, acha kioo kikauke kabla ya kufunika, la sivyo kuvu itaota humo.

Sisemi tuache kuandika programu, ndiyo inayonilisha. Nasema tuanze na kinachozuia tatizo, halafu kama bado lipo ndipo tuweke kinacholipima. Mimi nilianza na kipimo, na watoto wakatazama ukungu.

Mwezi utapatwa wote tena na kuonekana kwetu Desemba 31, 2028, jioni ya mapema. Yule mtoto atakuwa amekua, na nimemwahidi nafasi ya kwanza kwenye foleni. Kofia iko tayari, imening'inia nyuma ya mlango.

Haya, ngoja nirudi kwa kazi za watu.