Kitanda Kabla ya Viza

Katikati ya mwezi wa Juni kila mwaka, mji wa Le Mans ulioko magharibi mwa Ufaransa hufurika watu kama mto uliovunja kingo zake. Mji huo wenye wakazi wapatao 145,000 ndio uandaao mbio za magari za saa 24, ambazo kwa kawaida huanza saa kumi alasiri Jumamosi na kumalizika saa kumi alasiri Jumapili. Mbio hizo ziliasisiwa mwaka 1923, na zilipoadhimisha miaka 100 mwaka 2023, waandalizi walitangaza kwamba watazamaji 325,000 walihudhuria. Walimwengu walishughulika na ushindi wa Ferrari, kampuni ambayo haikuwa imeonja ushindi wa jumla mahali hapo tangu mwaka 1965. Mimi nimeshughulishwa na swali jingine lisilo na vifijo: watu wote hao walilala wapi?

Huenda msomaji akaniambia kwamba hilo ni swali la wenye nazo, na kwamba mwalimu aliyezongwa na karo za watoto wake hana haja nalo. Sikubaliani naye. Vijana katika shule zetu hufuatia mashindano haya kwa bidii kubwa, na wengi wao huwajua madereva kuliko wanavyowajua mawaziri. Tuna mashindano yetu ya Safari Rally, lakini mbio za Formula One hazijafanyika katika bara hili tangu mwaka 1993, zilipoandaliwa Kyalami nchini Afrika Kusini. Rwanda ilitangaza mnamo Desemba 2024 kwamba inataka kuzileta Kigali. Hadi ndoto ya aina hiyo itimie, Mwafrika anayetaka kuyaona kwa macho yake magari anayoyatazama katika runinga hana budi kuvuka bahari. Mmoja wa wanafunzi niliowafunza zamani, ambaye sasa ni fundi wa mitambo, amekuwa akidunduiza akiba kwa safari ya Le Mans. Maswali yake ndiyo yaliyonifanya nilichunguze jambo hili, na niliyoyaona yanahusu haki zaidi ya yanavyohusu michezo.

Tuanze na hesabu iliyo rahisi. Vitanda vya mji haviongezeki kwa sababu wageni wameongezeka. Hoteli yenye vyumba 40 itabaki na vyumba 40, hata wakija watu elfu mia tatu. Bei basi hupanda. Isitoshe, wenye hoteli wengi humtaka mgeni wa wikendi ya mbio alipe mapema, alipie siku tatu au nne hata kama anahitaji moja tu, na akubali kwamba akighairi hatarudishiwa chochote. Kulaumu tamaa peke yake hakutoshi. Mjini Las Vegas, Marekani, kuna vyumba vya hoteli vipatavyo 150,000. Mbio za Formula One zilipokaribia kufanyika huko Novemba 2023, wenye hoteli walianza kwa bei za kutisha, kisha wakalazimika kuzishusha siku zilivyokaribia, kwa kuwa vyumba vilikuwa vingi na wanunuzi hawakufika kwa wingi uliotarajiwa. Tamaa ilikuwako, ila uhaba haukuwako. Bila uhaba, tamaa hukosa meno.

Miji midogo haina neema hiyo, nayo imebuni njia zake. Monaco, nchi ya eneo la kilomita mraba mbili hivi, haiwezi kuwalaza mashabiki wake hata ingetaka. Wengi wao hulala Nice nchini Ufaransa na kwenda kwa treni, safari isiyofika nusu saa. Huko Zandvoort, mji mdogo wa pwani nchini Uholanzi, mbio ziliporejea mwaka 2021 baada ya miaka 36, waandalizi waliwahimiza watu waache magari yao nyumbani. Treni hadi 12 kwa saa zilipangwa, hivi kwamba shabiki aliweza kulala Amsterdam au Haarlem na kurudi usiku.

Le Mans imeziunganisha njia kadhaa. Kuna kambi za mahema kandokando ya barabara ya mashindano yenye urefu wa kilomita 13 na ushei, na maelfu ya watu hulala hapo huku magari yakinguruma usiku kucha. Kuna wenyeji ambao hukodisha vyumba vya nyumba zao, jambo linalonikumbusha usemi wetu wa mgeni njoo, mwenyeji apone. Kuna miji jirani kama Tours, Angers na Alençon. Na kuna treni ya mwendo wa kasi inayotoka Paris na kufika Le Mans kwa muda wa saa moja hivi, kisha tramu inayomchukua abiria kutoka stesheni hadi karibu na lango la uwanja. Mtu mwenye busara na ratiba ya treni mkononi anaweza kulala mbali na asipungukiwe na lolote. Aidha, mashindano yenyewe hukesha, kwa hivyo usiku mmoja shabiki huweza kukesha nayo asihitaji kitanda.

Kufikia hapo mambo yanaonekana kuwa mepesi. Mwingereza hutia hema na jiko lake katika gari, akavuka mlangobahari kwa feri, na asubuhi inayofuata yuko kambini. Mjerumani hupanda treni. Lakini sasa tumweke katika nafasi yao yule fundi wangu wa mitambo, mwenye pasipoti ya Kenya na begi ambalo shirika la ndege litalipima kwa kilo. Yeye haanzi na hema wala ratiba ya treni. Anaanza na viza, na viza huanza na kitanda.

Sheria ya nchi za Schengen humtaka mwombaji aonyeshe mahali atakapolala kabla ya kupewa ruhusa ya kuingia. Humtaka pia awe na bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000, na alipe ada ambayo tangu Juni 2024 ni yuro 90 kwa mtu mzima. Akinyimwa viza, ada hiyo hairudi. Ufaransa nayo ina kipimo chake cha fedha ambazo mgeni hana budi kuthibitisha kuwa anazo: yuro 65 kwa siku iwapo ana hoteli, yuro 120 iwapo hana, na yuro 32.50 iwapo amekaribishwa na mwenyeji aliyemwombea cheti maalumu katika ofisi ya mji. Mwalimu wa hesabu anaweza kuliandika jambo hili ubaoni. Kwa safari ya siku tano, mwenye hoteli huonyesha yuro 325, asiye na hoteli yuro 600, na mwenye rafiki Mfaransa yuro 162.50. Kitanda basi ndicho kinachoamua uzito wa mlango mzima.

Tazama tena kalenda. Ombi la viza halipokewi zaidi ya miezi sita kabla ya safari, maana yake ni kwamba kwa mbio za katikati ya Juni, mlango hufunguliwa katikati ya Desemba. Uamuzi hutolewa kwa kawaida katika muda wa siku 15, nao huweza kurefushwa hadi siku 45. Lakini tiketi na nafasi za kambi huuzwa miezi mingi kabla, na wazoefu wa Le Mans huagiza chumba cha mwaka ujao pindi mbio za mwaka huu zinapomalizika. Kwa hiyo Mkenya hujikuta njia panda. Akingoja jibu la ubalozi, vyumba vya bei nafuu vitakuwa vimekwisha. Akilipa mapema, anaweka rehani akiba ya miaka kwa ruhusa ambayo huenda asiipate. Chumba kinachorudishiwa fedha kipo, ila aghalabu huwa ghali zaidi. Matokeo yake ni kwamba mtu mwenye kipato kidogo kuliko wote katika foleni ndiye anayelipia bima ya wasiwasi ambayo wenzake hawaijui hata kwa jina. Huo ndio ubaguzi nisioweza kuunyamazia, ingawa haukuandikwa popote kuwa ubaguzi.

Najua nitajibiwa kwamba kila dola ina haki ya kujua mgeni wake analala wapi. Naam, ina haki hiyo. Hata sisi, tulipoondoa viza Januari 2024 na kuleta idhini ya safari ya kielektroniki, tuliwataka wageni waonyeshe mahali walipoagiza malazi. Silaumu swali, nalaumu mpangilio wake. Hakimu mwema hamtozi mtu faini kabla ya kesi, akamwambia kwamba hata akishinda au akishindwa, fedha zimekwenda.

Nitajibiwa tena kwamba mwenye hoteli naye anahitaji kinga dhidi ya wanaoghairi. Hoja hiyo ina nguvu wakati wa baridi, vyumba vinapokaa vitupu. Katika wikendi ya mbio haina nguvu yoyote. Chumba kilichoachwa na Mkenya aliyenyimwa viza mwezi wa Februari kitapata mteja mwingine upesi, pengine kwa bei ya juu zaidi. Uhaba uleule unaopandisha bei ndio unaoondoa sababu ya kumnyima mtu fedha zake. Kwa hivyo napendekeza jambo dogo lisilomgharimu mtu: waandalizi wa mashindano makubwa wakubaliane na wenye hoteli na wenye kambi kwamba yeyote atakayeonyesha barua ya kunyimwa viza siku 60 kabla ya mbio arudishiwe malipo yake ya malazi na ya tiketi. Wanaotamani kuita mashindano yao ya ulimwengu wawajibike kuufungulia ulimwengu mlango.

Hadi hapo, vijana wetu wasitafute njia ya mkato. Wako mawakala wanaouza karatasi za hoteli zisizo na chumba nyuma yake. Karatasi ya aina hiyo ikigunduliwa, mwombaji hunyimwa viza, na jina lake hubaki na doa katika maombi ya baadaye. Wako pia walaghai wanaotangaza nyumba nzuri karibu na uwanja kwa bei ya kustaajabisha, wakataka fedha zitumwe moja kwa moja kwao, na mgeni akifika huikuta anwani ni ya duka la mikate. Iliyo salama ni njia ndefu: kuagiza mapema chumba cha kurudishiwa fedha katika mji ulio kwenye njia ya reli, kuwasilisha ombi siku ya kwanza linapoweza kupokewa, na kununua tiketi ya ndege mwishoni. Ni njia ya kuchosha, lakini mwenda pole hajikwai.

Tusisahau, hata hivyo, kwamba kioo hiki kinatutazama na sisi. Safari Rally iliporejea katika mashindano ya dunia mwaka 2021, baada ya kukosekana tangu mwaka 2002, Naivasha iligeuka kuwa Le Mans yetu. Tumesikia tangu hapo manung'uniko ya mashabiki kuhusu vyumba vilivyopandishwa bei mara kadhaa kwa siku nne, na vijana waliolala ndani ya magari yao. Mgeni wa Naivasha, awe ametoka Kakamega, Kampala au Ufaransa, ana haki zilezile ninazomdaia fundi wangu huko Le Mans: bei inayotangazwa mapema, risiti ya kweli, na fedha zake akizuiwa njiani. Serikali ya kaunti na wenye hoteli wakilipanga jambo hilo wenyewe, tutakuwa na ulimi wa kuwasemesha Wafaransa. Tusipolipanga, watatuuliza kwa nini tunadai ugenini ukarimu ambao hatuutoi nyumbani, nasi hatutakuwa na jibu.