Adhabu ya Kaburi Aijua Maiti

Wazee wetu walinena kwamba adhabu ya kaburi aijua maiti. Lakini sisi watu wa Pwani, kwa miaka mingi, tumewatibu vijana wetu waliozama katika unga bila ya kumuuliza maiti huyo lolote. Tumewapiga, tumewafungia vyumbani, tumewapeleka kwa jamaa wa mbali, tumewasomea. Wakirudi Likoni, Kisauni au Changamwe, maskani ni zile zile na wenzi ni wale wale. Haupiti mwezi wamekwisha rejea walikotoka.

Mwisho wa 2010 na mwanzo wa 2011 unga uliadimika Pwani. Arosto iliwashika vijana wakagaragara mbele ya macho yetu. Lau kuukosa unga pekee kungekuwa dawa, wote wangepona msimu ule.

Tangu mwisho wa 2014 nchi yetu hutoa dawa ya methadoni, na Kisauni ipo kliniki yake. Hilo ni la kushukuriwa. Lakini dawa ile hunywewa mara moja kwa siku, mbele ya mhudumu, ikawa basi. Saa zilizobaki kijana azipeleke wapi? Hapo ndipo lifaapo baraza la wenziwe: waliopona na wanaotaka kupona, wakakaa pamoja wakaambiana kweli. Teja aweza kumhadaa mamake na imamu wake. Aliyekuwa teja hamhadai. Ndugu zetu wa Unguja wana nyumba za namna hiyo tangu 2009, na miongoni mwa waziendeshao ni watu waliowahi kutumia.

Wako wazee watiao shaka. Wasema dini imetufunza stara, vipi basi mtu akae kadamnasi akihesabu madhambi yake? Tena mpango wenyewe si umetoka kwa Wakristo?

Hoja hii si ya kupuuzwa. Lakini anayelaumiwa katika dini ni yule ajifakhirishaye kwa maovu aliyositiriwa. Mgonjwa amwonyeshaye tabibu kidonda hajifakhirishi, na maneno ya kikao ni amana. Ama asili yake, ni kweli vikao hivi vilianza Marekani 1935, kwa walevi wa pombe, katika mazingira ya Kikristo. Lakini mwaka 1989 Waislamu wa mji wa Baltimore waliunda chama chao, Millati Islami, wakazipanga hatua zile juu ya misingi ya Uislamu. Dawa haiulizwi kabila.

Lililobaki ni letu. Leo kijana aliyeacha akiingia msikitini, watu huvitazama viatu vyao. Naye huona. Kila atazamwapo hivyo, maskani humwita kwa jina, na kule hakuna amtiliaye shaka.

Misikiti yetu ina vyumba vya madrasa vikaavyo vitupu baada ya Isha. Tuwape kimoja, usiku mmoja kwa wiki, wakae wenyewe na siri zao. Kisha watokapo, sisi tulio barazani tuwatangulie kwa salamu.