Kofia ngumu mbili, au pikipiki isiondoke kijiweni

Daktari wa mifupa katika hospitali yoyote ya rufaa nchini hana haja ya kumuuliza mara mbili kijana aliyeletwa usiku, mguu umefungwa kitenge kilicholowa damu, ameumia na nini. Majeraha ya pikipiki yana mpangilio wake: kichwa, mguu chini ya goti, paja, bega, uso, ngozi. Yanajirudia hivyo hivyo Kigoma kama Mtwara, siku ya kazi kama sikukuu. Jambo linalojulikana mapema kiasi hicho, na kinga yake ikawa inauzwa dukani, halistahili tena kuitwa bahati mbaya. Gazeti hili linaliita uzembe, na uzembe huo una wenyewe.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2023, lilikadiria kuwa ajali za barabarani huua watu milioni 1.19 kwa mwaka duniani kote, na kwamba takriban mmoja kati ya watano wao alikuwa juu ya chombo cha magurudumu mawili au matatu. Kwa wenye umri wa miaka 5 hadi 29, hakuna kinachoua zaidi ya ajali hizo. Humo ndimo ulimo umri wa dereva wa bodaboda na wa mwanafunzi anayempakia. Na hao ni waliokufa tu. Waliobaki na mguu mmoja, mkono uliopooza au akili iliyopungua hawamo katika hesabu hiyo.

Tuanze na kichwa, kwa kuwa ndicho kinachoua. Mtu aliye juu ya pikipiki hana mlango, hana mkanda, hana bodi ya gari ya kupokea kishindo kwa niaba yake. Kichwa kikigonga lami fuvu linaweza kupasuka, na hata lisipopasuka ubongo hutikisika ndani yake, ukachubuka na kuvuja damu. Upo uvujaji unaodanganya. Mtu anaanguka, anasimama, anajipangusa vumbi na kuwaambia wenzake kijiweni kwamba yuko salama. Saa chache baadaye kichwa kinamuuma, anatapika, usingizi unamlemea. Ndugu wanamwacha apumzike. Wakati huo damu inakusanyika kati ya fuvu na utando wa ubongo, inaubana ubongo kidogo kidogo, na asipofikishwa mapema kwa daktari wa upasuaji haamki tena. Kwa hiyo tunasema wazi kwa kila familia: aliyegonga kichwa akapoteza fahamu hata kwa muda mfupi, akatapika, akachanganyikiwa au akasinzia isivyo kawaida, asilazwe nyumbani. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Wanaonusurika na jeraha la ubongo mara nyingi hurudi nyumbani wakiwa watu wengine. Kuna anayesahau alichoambiwa asubuhi, anayeanza kupata kifafa, anayewaka hasira kwa jambo dogo na kuiogopesha familia yake. Hana bandeji wala gongo, basi jirani wanadhani amepona.

Mguu hauui kwa haraka kama kichwa, ila ndio unaojaza wodi. Pikipiki inapogongwa ubavuni, kinachofika kwanza kwenye bampa la gari ni mguu wa dereva au wa abiria wake. Mfupa wa muundi, upande wa mbele, umefunikwa na ngozi peke yake. Hakuna nyama ya kuukinga. Ukivunjika, ncha yake hutoboa ngozi na kutoka nje, ikakutana na mchanga, oili na maji ya mtaro. Jeraha la namna hiyo linahitaji dawa za kuua vijidudu mapema iwezekanavyo na kuoshwa vizuri chumba cha upasuaji. Likicheleweshwa, vijidudu huingia ndani ya mfupa. Hapo ndipo kijana anapoanza safari ya kuwekewa vyuma, kutolewa, kusafishwa usaha, kuwekewa tena, kwa miezi au miaka, na wengine mwisho wake ni kukatwa mguu. Paja nalo likivunjika, damu ya lita moja au zaidi inaweza kuvujia ndani bila tone kuonekana nje.

Bega lina hatari ambayo wengi hawaijui. Mtu anayerushwa akatua kwa bega, kichwa kikivutwa upande mmoja na bega upande wa pili, anaweza kung'oa mishipa ya fahamu inayotoka shingoni kwenda mkononi. Picha ya eksirei inaweza isioneshe mfupa wowote uliovunjika, na mkono ukabaki unaning'inia, hauna nguvu wala hisia. Dereva wa namna hiyo hashiki tena mpini. Kuna pia taya na meno yanayovunjika, wengu unaopasuka kwa pigo la usukani tumboni, nyonga, uti wa mgongo. Na yapo yanayodharauliwa: ngozi inayobaki kwenye lami kwa sababu dereva alivaa fulana na yeboyebo, na shavu la mguu la abiria linaloungua kwenye bomba la moshi. Mwanamke aliyekaa upande, khanga ikanaswa na mnyororo au tairi la nyuma, huvutwa chini kabla dereva hajajua kilichotokea.

Hayo ndiyo majeraha. Sasa tuulize: kati ya hayo, lipi lilikuwa halina kinga?

Tuchukue la kichwa. Mwaka 1941, daktari wa upasuaji wa ubongo Hugh Cairns alichapisha nchini Uingereza uchunguzi wake juu ya waendesha pikipiki walioumia kichwa, akaonesha umuhimu wa kofia ngumu. Mwaka 2008, uchambuzi wa Cochrane uliokusanya tafiti nyingi ulihitimisha kuwa kofia ngumu hupunguza uwezekano wa kufa kwa takriban asilimia 42 na wa kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69. Anayesema leo kwamba faida ya kofia ngumu bado inabishaniwa hajasoma, au anatafuta kisingizio.

Wala lisitumike neno la umaskini. Vietnam, nchi ambayo watu wake wengi husafiri kwa pikipiki, iliamuru kuanzia Desemba 15, 2007 kwamba kila dereva na kila abiria avae kofia ngumu katika barabara zote. Waliokuwa wachache barabarani wakiivaa wakawa zaidi ya asilimia 90 kwa muda mfupi, kwa sababu serikali ilitangaza mapema, polisi wakasimamia, na hakukuwa na mtaa wa kukimbilia. Karibu zaidi na sisi ni Rwanda. Abiria anayepanda pikipiki ya biashara Kigali anakabidhiwa kofia yake kabla ya safari kuanza, na hakuna anayeona ajabu. Vijana wanaoendesha kule si matajiri kuliko wa kwetu.

Sasa tazama hapa nyumbani, Tanzania. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ipo tangu 1973. Leseni ya bodaboda ni ya abiria mmoja. Lakini simama asubuhi kwenye makutano yoyote ya Dar es Salaam, Mwanza au Mbeya utazame. Kofia ya dereva imetundikwa kwenye kiwiko au imelazwa juu ya tangi. Akimwona trafiki mbele anaivaa, bila kufunga mkanda wa kidevuni, akimpita anaivua. Kofia isiyofungwa hutangulia kuruka kabla ya kichwa kugonga chini. Abiria hana yoyote. Mshikaki wa watoto watatu wenye sare za shule unapita mbele ya askari, naye anatazama pembeni.

Katika bajeti ya 2021/22 serikali ilipunguza faini ya makosa ya bodaboda na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000. Hoja ilikuwa ya haki: mwenye pikipiki asitozwe sawa na mwenye basi. Hatuna ugomvi na unafuu huo. Tunachokataa ni unafuu kugeuka ruhusa. Faini ndogo inaweza kubadilisha tabia ikiwa kila anayekosa anajua kwamba atakamatwa. Faini ndogo inayotozwa leo Manzese na kusahauliwa kesho Mbagala ni ushuru tu wa kuendelea kukosa.

Hukumu yetu haianzi na dereva. Inaanza na mmiliki wa pikipiki. Kijana wa mkataba au wa deiwaka anadaiwa hesabu ya kila siku, mvua inyeshe au jua liwake. Anakimbia kwa sababu hesabu haisubiri. Mmiliki anapokea fedha, hajui hali ya breki, hajui matairi yamekwisha kiasi gani, na hajawahi kununua hata kofia moja ya abiria. Ajali ikitokea anakwenda polisi kufuatilia chombo chake, si wodini kumfuatilia mtu. Pikipiki ya biashara ikikutwa na abiria asiye na kofia ngumu, mmiliki awajibishwe pamoja na dereva. Bila hivyo tutaendelea kuwaadhibu wanyonge na kuwaacha wenye mali.

Wa pili ni muuzaji. Pikipiki ya biashara isiuzwe bila kofia mbili zenye alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Plastiki nyepesi isiyo na sponji imara ndani, inayopasuka ikidondoka mezani, haimkingi mtu, inamdanganya. TBS iingie madukani na kwenye magulio, iondoe bidhaa hiyo sokoni kama inavyoondoa chakula kilichooza.

Wa tatu ni Bunge, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) na halmashauri. Sheria mama iseme bila kuacha mwanya: kofia ngumu kwa dereva na kwa abiria, yenye viwango, imefungwa kidevuni. Leseni isihuishwe kwa asiye nazo. Na vijiwe visipuuzwe. Kijiwe kina mwenyekiti, kina orodha ya wanachama na kina utaratibu wa kumtoza anayevunja zamu. Chama kinachoweza kumzuia mgeni kupakia abiria kijiweni kwake kinaweza pia kumzuia mwanachama asiye na kofia ya pili.

Wa nne ni sisi tunaofika eneo la ajali. Majeruhi hunyanyuliwa mikono na miguu, akakunjwa katikati na kusukumwa ndani ya bajaji. Kama uti wa mgongo ulikuwa umevunjika na mishipa ya fahamu bado ni mizima, mwendo huo unaweza kuikata na kumpoozesha. Kama hakuna moto wala hatari ya kugongwa tena, asisogezwe mpaka wapatikane watu wa kutosha kumbeba akiwa amenyooka, kichwa na shingo vikishikiliwa pamoja. Damu inayotoka ibanwe kwa kitambaa safi. Mfupa uliotoka nje ufunikwe tu. Usirudishwe ndani, wala usimwagiwe mafuta, majivu au dawa ya majani. Fundi wa kienyeji asipewe mguu wenye kidonda kwenye mvunjiko. Kuufunga vijiti na kuukaza kunaweza kuzuia damu isifike mguuni, na mguu ukafa.

Hospitali nazo zina sehemu yao. Fomu ya polisi ya PF3 ni ya lazima katika uchunguzi, ila haijawahi kuzuia damu isitoke. Majeruhi atibiwe kwanza, fomu imfuate kitandani. Na bima ya mtu wa tatu, ambayo wengi hukata ili tu wapite kwa trafiki, haimlipi dereva mwenyewe anapoumia. Wenye bodaboda na vyama vyao waelezwe hivyo waziwazi, na wawekewe njia ya kujiunga na bima ya afya kwa michango inayolingana na kipato cha kila siku. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Kundi hili lisiachwe nyuma katika utekelezaji wake.

Tunajua pingamizi zitakazokuja. Kofia ya abiria inanuka jasho, inaharibu msuko, ina joto, safari ni ya hapa na pale. Kichwa kinaweza kutangulizwa kitambaa chepesi au ushungi, na anayepanda kila siku anaweza kununua kofia yake. Msuko hurudiwa saluni. Ubongo ukichubuka hakuna fundi wa kuurudishia. Wengine watasema tunawaandama vijana waliojiajiri. Tunasema hivi kwa sababu tunaithamini ajira yao: mwenye kuendesha bodaboda kwa kawaida analisha watu nyumbani, na siku anapofungwa hogo ni siku ambayo kodi na ada vinakwama.

Kwa hiyo msimamo wa gazeti hili ni huu. Polisi watangaze tarehe, nchi nzima, ambayo baada yake hakuna pikipiki ya biashara itakayoruhusiwa kutembea na abiria asiyevaa kofia ngumu iliyofungwa. Siku hiyo ikifika isiahirishwe kwa sababu ya uchaguzi, sherehe wala simu kutoka kwa mkubwa. Wamiliki wanunue kofia hizo kwa fedha zao. Na wewe msomaji, kesho ukiita bodaboda, uliza kofia yako kabla ya kuuliza nauli. Dereva akisema hana, usipande.